Tuchapishiwe wanayosema wabunge wetu kuhusu madini

Ndugu Mhariri,

Agosti 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alitaka Bunge lichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, hapa kwetu Kahama, uliosainiwa London. Akasimamishwa kuhudhuria vikao. Hoja haikufa: ikaja Kamati ya Jaji Bomani ya kupitia sekta ya madini, Zitto akiwemo, kisha Sheria ya Madini ya 2010 iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Na aliyeuliza hakuwa hata mbunge wa kwetu!

Tanzania hatuna bunge la pili, kama Seneti ya Kenya, la kupima upya yaliyopitishwa haraka. Tuna Hansard tu, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, na wachimbaji wadogo wa Geita hawaioni. Naomba kila mkutano wa Bunge ukiisha, mchapishe michango ya wabunge wetu neno kwa neno.

Msomaji wako,
Kahama, Shinyanga