Meli imekuja, meli imeondoka

Wadau, nimerudi chuo salama, mambo ya sapu tuyaache kwanza. Likizo nilikuwa Unguja kwa mjomba, namsaidia kuuza viungo Darajani. Siku moja meli kubwa ya watalii ikatia nanga asubuhi, jioni ikaondoka. Watu wakamiminika Mji Mkongwe: picha kwenye milango, picha Forodhani, mbio mbio. Chakula cha mchana? Wakarudi kula melini! Mjomba kauza pakiti tatu tu za karafuu.

Nikaanza kuwasema moyoni. Mara babu mmoja wa kizungu akaniuliza, soko la watumwa lilifungwa mwaka gani? Nikababaika. Mimi, mwalimu mtarajiwa wa historia! Ni 1873, na kanisa la Anglikana pale Mkunazini limejengwa palepale sokoni. Nimelipita toka utotoni, sijawahi kuingia.

Maoni yangu: meli zije, ila wageni waachiwe muda wa kukaa na kula mtaani, hela ibaki kwa akina mjomba. Na sisi tuache uvivu wa kujua kwetu. Wao walikuwa na masaa machache, mimi nina miaka ishirini na ushee. Aibu ilikuwa yangu jamani. Nyie mnasemaje?