Mtunza Ghala Asiyetazama Saini

Mavuno ya mpunga yanapoingia, maduka ya simu hapa Ifakara hujaa wanunuzi. Akina baba huulizia bei, vijana huulizia kamera. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza simu ile ilirekebishwa usalama wake lini kwa mara ya mwisho. Nasi twaona hilo ndilo swali la kwanza, kwani siku hizi simu ndiyo kibubu cha familia, daftari la michango ya msikiti na sanduku la picha za mabinti zetu.

Ndani ya kila simu ya Android mna kiini cha mfumo, kinachotawala kumbukumbu na vifaa vyote. Programu tunazoziweka wenyewe haziruhusiwi kukigusa; zikitaka kutumia kamera au kioo, hupitia kwa watumishi wake, yaani viendeshi. Mfano wake ni ghala la mpunga: mkulima haingii, bali humpa karatasi mtunza ghala. Sasa mfikirini mtunza ghala anayepokea karatasi ya yeyote bila kutazama imetiwa saini na nani, akatoa magunia ya watu wengine, hata akabadili maandishi ya daftari kwa kuwa ameambiwa abadili.

Ndivyo kilivyokuwa kiendeshi kimoja cha MediaTek, kampuni ya Taiwan ambayo chipu zake zimo katika simu nyingi za bei nafuu, zikiwamo baadhi ya Tecno, Infinix na itel tunazouziwa Afrika Mashariki. Si kila simu ya majina hayo yenye kasoro, lakini aina za chipu zilizoguswa zilikuwa nyingi. Kampuni ilitayarisha marekebisho Mei 2019. Januari 2020 watafiti wa Trend Micro wakaeleza juu ya programu zilizokutwa katika duka la Google lenyewe. Mojawapo, iliyojifanya ya kamera, ilitumia tundu hilo kupenyeza jasusi wa kukusanya faili, taarifa za WeChat na mahali alipo mwenye simu. Google ililiweka tundu hilo katika taarifa yake ya usalama Machi 2020. Miezi kumi dawa ilikuwapo, na wagonjwa wengi hawakuipata, kwa sababu watengenezaji wa simu hawakuifikisha.

Hapo ndipo penye lawama. Fiqhi ya biashara humtaka muuzaji abainishe kasoro ya bidhaa anayoijua. Mchuuzi wetu wa Ifakara huenda haijui, nasi hatumlaumu. Mtengenezaji anaijua.

Tufanyeje? Fungueni mipangilio ya simu, sehemu ya maelezo kuhusu simu, mtazame tarehe ya marekebisho ya usalama. Ikiwa chipu ni ya MediaTek na tarehe imetangulia 5 Machi 2020, ihesabuni simu hiyo kuwa ghala lisilo na mlinzi. Jaribuni kusasisha. Vijana nao waache kurushiana programu kwa Bluetooth au kuwekewa na fundi zisizojulikana zitokako. Simu isiyokubali kusasishwa ibaki ya kupigia na kusikilizia mawaidha. Laini yenye fedha za nyumba, au za yatima, ihamishiwe hata katika kitochi cha vibonyezo, ambacho hakina Android ndani yake.