Nondo Si Mjinga, Taa Ndiyo Imekaa Vibaya

Wasee wangu wa Ruiru, Thika na hapo katikati, leo namtetea mdudu. Si nyuki, nyuki ana mawakili wa kutosha. Namtetea nondo, yule kipepeo wa usiku mnene mwenye rangi ya vumbi, anayegonga balbu ya koridoni tap tap tap mpaka unakosa usingizi.

Nondo ametukanwa sana hapa kwetu. Dem akimpenda jamaa mwenye pesa, anaambiwa anakimbilia moto kama nondo. Kijana akitoka ushago kuja kutafuta maisha kwa taa za mjini, hadithi ni ile ile. Ujumbe ni kwamba wewe ni mjinga, unapenda vitu vinavyong'aa, utachomeka, na itakuwa makosa yako. Mimi nasema mfano huo ni mbovu, na sababu ninazo.

Mwanzoni mwa 2024 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti ambao ungetakiwa kumaliza huu ubishi. Wanasayansi waliwapiga wadudu video usiku kwa kamera za kasi sana, maabarani Uingereza na porini Costa Rica, ili waone hasa mdudu anafanya nini akifika karibu na taa. Kumbe haendi kwa taa moja kwa moja. Anaigeuzia mgongo.

Iko hivi. Kwa mamilioni ya miaka, hata usiku, upande wenye mwangaza zaidi ulikuwa juu, angani. Kwa hivyo mdudu akiruka, anaweka mgongo upande ule wa mwangaza na hivyo anajua juu ni wapi na chini ni wapi. Sasa wewe umekuja ukatundika balbu ukutani. Mgongo wa nondo unafuata balbu. Akipita kando yake, anapinda, anazunguka, hatoki. Akipita juu yake, anapinduka chali na kuanguka. Akipita chini yake, anapanda wima mpaka kasi inamwishia. Tunaona mtu mwenye tamaa, kumbe ni mtu aliyepotezwa.

Ni kama mtu aje usiku abadilishe vibao vyote vya Thika Road, halafu asubuhi akucheke kwamba ulikuwa unaenda Githurai na ukajipata Juja.

Na giza likiwa giza kweli, nondo ni mtaalamu. Kuna nondo wa kiume anayefuata harufu ya jike kutoka mbali, bila ramani. Kuna wanaosikia sauti ya popo akiwinda na kujirusha chini kabla hajawafikia. Wachunguzi wameona kwamba chini ya taa kali baadhi yao huacha hata huo ujanja, wakaliwa kirahisi. Taa inawapoteza njia, halafu inawanyang'anya silaha.

Najua kuna mtu anasema, "Sawa, lakini nondo ananisaidia na nini?" Swali poa. Umekula papai? Mtafiti wetu Mkenya, Dino Martins, pamoja na mwenzake walichunguza mapapai ya wakulima kule Bonde la Kerio. Mipapai mingi ina miti ya kiume na miti ya kike, na chavua lazima itoke kwa mmoja ifike kwa mwingine. Wanaoifanya hiyo kazi hasa ni nondo wakubwa wenye mbio, wanaotoka giza likiingia. Hakuna nondo, papai linakuwa stori.

Tukirudi nyumbani, hapo Thika kuna kituo cha taifa cha utafiti wa hariri chini ya KALRO. Hariri ni mate ya kiwavi wa nondo. Analishwa majani ya mforosadi kama mwezi mmoja, halafu anajisokotea kifukofuko cha uzi mmoja mrefu unaoweza kufika mamia ya mita. Akitoka amekuwa nondo ambaye hali chochote na hawezi kuruka, kwa sababu watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Yaani ile nguo ya bei ambayo watu wanapiga nayo picha ni kazi ya mdudu ambaye ukimuona ukutani unatafuta slipa.

Sisemi nondo wote ni malaika. Ruiru hii ilijulikana kwa kahawa kabla ya kujulikana kwa magorofa. Aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11 ilitoka hapa 1985, na wakulima wa kahawa wanamjua vizuri yule nondo mdogo mweupe ambaye watoto wake wanachimba ndani ya jani mpaka linabaki na madoa ya kahawia. Viwavijeshi vamizi waliovamia mahindi ya Kenya kuanzia 2017 nao ni watoto wa nondo. Lakini hata hapo, watu walioshinda ni waliomsoma kwanza. Hapo Kasarani, watafiti wa ICIPE na wenzao walitengeneza mbinu rahisi: panda desmodiamu katikati ya mahindi, harufu yake inamfukuza nondo wa funza wa mabua, kisha zungushia shamba nyasi za nepia zinazomvuta akatage huko nje. Hakuna aliyemwita mjinga. Waliuliza anafuata nini, wakaanzia hapo.

Sasa tuje kwa taa zetu. Sensa ya 2019 ilikuta mji wa Ruiru una karibu watu nusu milioni. Penye kahawa sasa pana ploti, na kila ploti ina taa. Mimi nakaa kwenye jengo ambalo koridoni balbu nyeupe zinawaka usiku kucha, na juu ya paa kuna taa mbili kubwa zinazomulika dirisha la jirani na mawingu. Geti lenyewe liko gizani. Asubuhi mama wa kufagia anakusanya mabawa kwa kijiko cha takataka.

Kule Uswisi watafiti waliweka taa za barabarani kwenye malisho ambayo hayakuwa na taa, wakachapisha matokeo 2017. Wadudu waliotembelea maua usiku walipungua kwa asilimia 62, na maua waliyoyafuatilia kwa karibu yalizaa matunda pungufu kwa asilimia 13, licha ya kwamba mchana nyuki na wenzake waliendelea na kazi kama kawaida. Zamu ya usiku ikikosa wafanyakazi, zamu ya mchana haiwezi kuziba pengo lote.

Najua mtaniuliza: kwa hivyo unataka tutembee gizani? Hapana. Nina dada anayeshuka stage saa nne usiku akitoka job, na sitaki mulika mwizi izimwe kwa sababu ya kipepeo. Usalama wake unakuja kwanza na sina mjadala hapo. Lakini hebu uliza: taa inayomulika mawingu inamlinda nani? Taa inayokupiga machoni inakufanya usione aliyesimama nyuma yake. Tumezoea kuhesabu usalama kwa ukali wa balbu, badala ya kuuliza mwangaza unaangukia wapi.

Ninachotaka kinawezekana. Taa itazame chini, kwa njia na kwa geti, si angani. Ivae kofia. Iwe ya njano, kwa sababu ile nyeupe inayoelekea bluu ndiyo inawavuruga nondo wengi zaidi. Pale ambapo watu hawapiti kila wakati, weka ile inayowaka mtu akikaribia, ambayo pia inamwambia soja kwamba kuna mtu. Na wewe uliye ndani, funga pazia. Mwenye ploti hatajali nondo, lakini bili ya stima anaijali sana, so anzia hapo. Kaunti nayo ikileta taa mpya mtaani, tuulize zitaelekezwa wapi kabla hazijafungwa. Ni pesa yetu.

Lakini kuna jambo lingine linaloniuma zaidi, na ndilo limenifanya niandike. Rafiki zetu wangapi wamepoteza pesa ya fees kwa kamari ya simu? Wangapi wanadaiwa na programu za mikopo? Tukiwaongelea tunasema walikimbilia mwangaza kama nondo, tunacheka, tunaendelea. Hakuna anayeuliza nani aliiweka hiyo taa, kwa nini iko kwa kila skrini, na nani anakula mtu akianguka. Sisemi kijana hana akili yake, anayo, na tofauti na nondo anaweza kujifunza. Lakini kama kila usiku wanaanguka wengi mahali pale pale, mimi naanza kuishuku balbu.

Leo usiku toka nje uangalie taa ya mlango wenu inatazama wapi. Kama inatazama juu, ongea na mwenye ploti kesho. Na kama una beste aliyenaswa na ile taa ya simu, mpigie bila kumcheka kwanza.