Harufu ya petroli kwenye siti ya watoto

Magari madogo ya petroli ya miaka ya 1990, yale ya aina ya Toyota Corolla na Carina, bado yanabeba wanafunzi kila asubuhi kutoka Chuno, Magomeni na Mikindani. Katika mengi ya magari hayo tangi la mafuta liko chini ya siti ya nyuma. Mzazi akiinua siti hiyo atakuta kifuniko kidogo cha bati, na chini yake ndipo pampu ilipozama ndani ya petroli. Kwa maneno mengine, watoto wanakaa juu ya tangi. Hilo si kosa la mtengenezaji, kwani mahali hapo panalindwa zaidi gari linapogongwa. Tatizo huanza pale mipira na mabomba yaliyochoka yanapoanza kuvuja. Na hapo anayeisikia harufu kwanza mara nyingi ni mtoto aliyekaa nyuma, si dereva aliyeteremsha kioo chake mbele.

"Baba, huku kunanuka mafuta." Jibu ambalo watoto wengi hupewa ni kwamba gari la zamani lazima linuke. Wapo hata mafundi wanaosema hivyo, na ni jibu la uvivu. Gari la miaka 25 lenye mipira mizima halinuki petroli. Harufu ikiingia ndani maana yake mvuke wa mafuta umepata njia, na mtoto anaulalamikia kwa kichwa kuuma au kichefuchefu huku wazazi wakidhani ni mwendo wa gari.

Pwani ya kusini ina adui wake wa ziada, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake unatosha kula bati, lakini wapo pia wanaokwenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na kuendesha gari juu ya mchanga wenye maji ya bahari kwa raha zao Jumapili. Mchanga huo hujibana kwenye vishikizo vinavyofunga bomba la mafuta chini ya sakafu ya gari, kuanzia tangini hadi mbele kwenye injini. Kutu huanzia ndani ya kishikizo, mahali ambapo macho hayafiki. Nje bomba linaonekana zima, kumbe pale lilipofungwa limebaki jembamba kama karatasi. Kuosha gari chini kwa maji baridi baada ya safari kama hiyo ni kazi ya nusu saa. Wachache huifanya, kwa sababu uchafu wa chini hauonekani na majirani.

Kabla ya kwenda gereji, familia inaweza kumsaidia fundi kwa jambo moja: kukumbuka harufu inakuja saa ngapi. Ikija baada ya kujaza tangi mpaka juu, hasa gari linapopiga kona, mashaka yaelekezwe juu ya tangi: mpira mnene wa mdomo wa kujazia mafuta, mipira midogo ya kupumulia, au sili ya kifuniko cha pampu. Ikija injini inapounguruma na kuwa kali zaidi mbele kwenye boneti, basi ni upande wenye msukumo: viungo vya chujio la mafuta, mipira ya injini, au zile pete ndogo za mpira kwenye nozeli. Ikisikika asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, kuna sehemu inayotoa machozi polepole. Na ikitoka kwenye moshi wa nyuma pekee, huenda hakuna kinachovuja kabisa. Injini inakula mafuta mengi kupita kiasi, na huo ni ugonjwa mwingine.

Wengi hutafuta dimbwi chini ya gari, wasipoliona wanatulia. Kwa joto la Mtwara petroli huruka hewani kabla tone halijafika chini. Dalili ya kweli ni vumbi: mahali panapovuja vumbi hulowa na kuganda kuwa doa jeusi, au huoshwa na kuacha bomba safi peke yake katikati ya uchafu. Fundi makini hufuta sehemu yote kwa kitambaa kikavu, huwasha injini kidogo, kisha hutazama unyevu unaanzia wapi. Petroli hushuka kwa kufuata bomba, kwa hiyo tone linalodondoka karibu na gurudumu linaweza kuwa limeanzia mbali, juu ya tangi. Anayefunga pale panapodondoka atarudi gereji wiki ijayo.

Taa iwe tochi, si kiberiti wala kibatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, unapita chini ya mlango, na unaweza kulikuta jiko la mkaa upande wa pili wa ua. Huwaka hata kwenye baridi kali, sembuse mchana wa Mtwara. Waliosikia habari za Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu zaidi ya 100 wakafa, wanajua petroli iliyomwagika haitoi nafasi ya pili. Kazi ifanyike nje, betri ikiwa imefunguliwa, jiko limezimwa, watoto wakiwa kwa bibi au kwa jirani. Dharura ya moto ni namba 114.

Kwenye matengenezo yenyewe ndiko fedha ndogo huokolewa kwa gharama kubwa. Magari ya nozeli husukuma mafuta kwa nguvu inayozidi ile ya upepo wa tairi lake. Mpira wa baiskeli uliozungushwa kwenye bomba hauwezi kazi hiyo. Petroli huuvimbisha na kuulainisha. Mpira wa kawaida wa mafuta, ule wa magari ya kabureta, nao haufai upande wa msukumo. Unatakiwa ule uliotengenezwa kwa ajili ya nozeli, pamoja na klipu mpya. Visipopatikana mjini, huagizwa Kariakoo na kuja na basi. Gari lisubiri, watoto wapande bajaji siku mbili tatu. Sabuni ya mche ikipakwa kwenye tundu la tangi hushika kweli, lakini ni ya kufikia gereji tu, na mvua ya kwanza huiondoa.

Kuhusu tangi lililotoboka, neno moja kwa wenye haraka ya kulichomelea: tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Kulimwaga na kuliacha juani saa chache hakutoshi. Aliye na uwezo wa kununua tangi zima la mtumba anunue.

Lipo pia suala la kunyonya mafuta kwa mdomo ili kulitoa tangini, kazi ambayo mara nyingi hupewa kijana mwanafunzi wa gereji, naye ni mtoto wa mtu. Petroli kidogo ikiteleza kwenye mapafu inaweza kuua. Ipo pampu ya mkono ya bei nafuu, itumike. Mafuta yaliyotolewa yasiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda hata kwa dakika kumi, maana mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Ikitokea, asilazimishwe kutapika, kwani kutapika ndiko kunakopeleka petroli mapafuni. Akimbizwe hospitali, na chupa aliyonywea iende naye.

Fundi akimaliza, mzazi asiondoke kwanza. Ufunguo uwashwe bila injini, viungo vikaguliwe. Injini iwashwe, vikaguliwe tena. Kisha tangi lijazwe, gari lilale usiku mmoja madirisha yakiwa yamefungwa. Asubuhi mlango wa nyuma ufunguliwe na mtu mzima, ainame kwenye siti na kunusa, kabla mabegi ya shule hayajaingia.