Andika Kabichi ya Mgeta
Mwanafunzi akiambiwa aieleze Morogoro, mara nyingi huanza hivi: "Katika suala zima la kilimo, wananchi hujishughulisha na mazao mbalimbali." Mazao gani? Huko Uluguru, Mgeta kuna kabichi na njegere. Matombo kuna karafuu na pilipili manga. Andika hivyo, na hilo "suala zima" lifute, maana suala nusu sijawahi kuliona. Mji wa Morogoro haukukosa walimu wa kuchagua maneno. Wanamuziki Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, aliyefariki 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki 1979, walitunga nyimbo kwa ajili ya sikio, na katika wimbo neno linalomkwaza mwimbaji halina kazi. Nawe ukimaliza ukurasa, usome kwa sauti mbele ya mtu. Pumzi ikikatika, sentensi imezidi; msikilizaji akiuliza "nani huyo?", rudi ukamtaje. Vitabu vya sarufi vina faida yake, ila vitasubiri. Walimu wa Kiswahili, wiki hii wapelekeni vijana Soko Kuu la Chifu Kingalu, mjini Morogoro, na daftari, waandike wanachokiona tu.