Impreza ya Mpwa Wangu na Ng'ombe wa Garsen

Mpwa wangu alikuja Garsen majuzi na motokaa mpya. Mpya kwake yeye, maana huko Japani ilikwisha kutumika miaka saba kabla ya kupakiwa melini. Ni Subaru Impreza ya rangi ya samawati, na alipoisimamisha pale njia panda ya Minjila vijana wa bodaboda waliacha kugombania abiria wakaja kuizunguka. Nyuma ina bawa, juu ya boneti ina tundu la kuvutia hewa, na ubavuni imebandikwa herufi tatu nyekundu: STI.

"Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijaitikia vizuri akaongeza, "hii ndiyo ile ya McRae."

Nilimwomba afungue boneti. Mimi si fundi, lakini nimekaa gereji miaka mingi nikingojea magari yangu mabovu, na macho nayo hujifunza. Ndugu msomaji, lile tundu lilikuwa limegandishwa kwa gundi juu ya bati zima. Hewa ikiingia inagonga bati na kurudi ilikotoka. Chini yake palikuwa na injini ya lita moja na nusu, isiyo na turbo, yenye nguvu farasi kama mia moja na kitu. Ni injini nzuri, haili petroli nyingi, nayo ingemfaa sana mwalimu wa shule au muuguzi. Aliyemwuzia hakumwambia hivyo, na kijana mwenyewe hakuuliza.

Basi tuseme wazi tofauti iko wapi. Impreza ilitoka kiwandani mwaka 1992, na tangu awali ilikuwa jina moja lenye magari kadha ndani yake. Ipo ya kwendea kazini kama hii ya mpwa wangu. Ipo WRX, yenye turbo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini na kuishindilia injini hewa zaidi. Hiyo ni gari ya kila siku yenye damu moto. Halafu ipo STI yenyewe, ambayo kwa soko la Japani iliandikwa nguvu farasi 280 kwa miaka mingi, kwa sababu watengenezaji wa kule walikuwa wamepatana wasitangaze zaidi ya hapo. Kwa STI lile tundu la boneti lina kazi: linaleta hewa ya kupoza ile hewa iliyotiwa joto na turbo. Matoleo yaliyofuata mwaka 2000 yalipewa gia sita na breki kubwa za Brembo, zenye pistoni nne kila gurudumu la mbele.

Hapo kwenye breki ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Watu hununua mwendo kwa kutazama bawa na kusikiliza mlio wa ekzosi. Lakini waundaji wa gari la mbio fedha nyingi huzimalizia mahali pasipoonekana na mpita njia: breki, springi, shokamzoba, matairi, mabomba ya kupoza mafuta. Ukiongeza mwendo mara mbili, gari linahitaji masafa mara nne ili breki zilisimamishe. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hukata mita 28 kila sekunde, kabla mguu haujaigusa hata breki.

Sasa tazama barabara yetu. Kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na ukishapita Marereni lami inanyoka hata mguu unakuwa mzito wenyewe. Mpwa wangu alikiri kwamba karibu na Kurawa mshale ulifika 140. Hapo ng'ombe wakatokea vichakani, kundi zima, wakivuka kwa utaratibu wao wa siku zote, na nyuma yao mtoto wa Kiorma wa miaka kama kumi na fimbo begani. Gari lilisimama likiwa limeingia kichakani upande wa pili. Mtoto yule alikuwa hatua tatu tu kutoka bampa ya mbele. Kijana alinisimulia huku akicheka, kisha akaacha kucheka.

Wapo watakaosema McRae alipita kwa kasi zaidi ya hiyo katika nchi hii hii, akashinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza. Ni kweli, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Lakini siku zile Safari ilipokuwa ikikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa wote, juu ya dereva wa kiwanda palikuwa na helikopta ikimtangulia kumwambia mbele kuna ng'ombe, mbele kuna lori. Mpwa wangu juu yake alikuwa na kunguru tu. Tena gari lile la McRae lilifanana na la dukani kwa sura na jina, na kwa machache mengine. Mbele lilifungwa vyuma vya kukinga wanyama, na ubavuni mwa kioo lilipandishwa bomba la kupumulia ili injini isimeze maji mitoni.

Bomba lile nalikumbuka kila mvua zinapokuja. Novemba 2023 mto Tana ulipofurika, maji yalifunika barabara ya kwendea Lamu pale Lango la Simba, karibu na Gamba, na magari yakakwama huku na huku. Hapo STI halisi, pamoja na Brembo zake, ingesimama foleni nyuma ya Probox ya maembe. Iko chini mno. Pia ile ya Japani imezoeshwa petroli ya okteni 100, na hiyo usiitafute huku.

Sisemi STI ni upuuzi. Niliwahi kupandishwa moja kule Mombasa, na ilipokata kona nilihisi kama imeshikwa na mkono kutoka chini ya ardhi. Nilishuka nikiwa nacheka peke yangu kama mtoto. Anayeweza kuinunua na kuitunza, na aifurahie mahali panapostahili. Nisichokubali ni huyu muuzaji anayebandika herufi tatu juu ya breki za gari la sokoni, akampa kijana wa miaka 24 na kumwacha aziamini. Anayekagua magari barabarani hutazama taa na stika ya bima. Nani anayetazama uwongo uliogandishwa kwa gundi?

Nilimshauri mpwa wangu ayang'oe yale mapambo, auze lile bawa, na fedha atakazopata azitie kwenye matairi na breki. Alinyamaza, akasema, "Nitaona, mjomba." Juzi amepita tena akielekea Hola. Herufi bado zipo. Bawa nalo bado lipo. Ila matairi mawili ya mbele ni mapya, na alipokaribia mifugo pale nje ya mji nilimwona akipunguza mwendo kutoka mbali.