Klarineti ya Urithi Isomwe Kabla ya Kung'arishwa

Askari amefundishwa kung'arisha. Vifungo na viatu vikimeta, nidhamu imeonekana. Lakini iko mali moja ambayo desturi hiyo njema huweza kuiharibu, nayo ni klarineti iliyoachwa na mzee aliyeitumikia bendi ya jeshi au ya polisi.

Ziko nyumba nchini Uganda ambazo wazee wao walihudumu katika Kikosi cha 4 cha King's African Rifles, kilichogeuka kuwa Uganda Rifles mwaka 1962. Ala ya mzee wa namna hiyo ipatikanapo sandukuni, mkono usikimbilie dawa ya kusugulia shaba. Sisi tunasema: kwanza isomwe.

Alama zilizogongwa juu ya mti ndizo cheti chake. Jina la Boosey & Hawkes laonyesha kwamba haikutengenezwa kabla ya mwaka 1930, kwani ndipo Boosey & Co. na Hawkes & Son walipoungana. Mshale mpana ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Herufi H.P. maana yake ni sauti ya juu, iliyotumiwa na bendi za kijeshi za Uingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Klarineti hiyo hailingani na bendi ya leo, lakini si mbovu. Fundi asithubutu kutoboa matundu yake upya.

Mti wenyewe aghalabu ni mpingo, uliokatwa Afrika na kuchongwa Ulaya. Ni mgumu, ila baada ya kukauka miaka mingi hupasuka ukipata unyevu wa ghafla. Basi usioshwe kwa maji. Ufutwe kwa kitambaa kikavu, upakwe mafuta kidogo ndani. Vifuniko laini na springi zenye kutu zibadilishwe na fundi wa ala. Kisha ipigwe dakika 10 tu kwa siku katika majuma ya kwanza.

Dawa ya shaba hukwangua nikeli ya vibonyezo, na msasa hufuta alama. Mzee akiwa hayupo, na alama nazo zimefutika, nani atakayeushuhudia utumishi wake?

Kwa hiyo tunawasihi askari wote: andikeni kila alama, ionyesheni ala kwa mkuu wa bendi, waulizeni wazee walio hai. Mali bila daftari huisha bila habari.